Mkanda Haukutani

Ipogolo, Jumapili mchana

Mama, kamwene.

Watoto wamelala wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo halijatokea wiki nzima, kwa hiyo naandika haraka. Usinilaumu kwa mwandiko.

Mimi pia nilitokwa na mkanda wa jeshi. Ule ule wako, upande ule ule wa kushoto, chini ya ziwa. Ulianza kwa maumivu matupu. Siku tatu nilidhani nimejitegua kwa kubeba kuni, maana Baba Bosko yuko Mbeya na genge la barabara na kazi zote ni zangu. Ngozi ilikuwa safi, lakini khanga ikigusa tu naruka. Siku ya nne yakatoka malengelenge, kundi kwa kundi, kutoka mgongoni kuja mbele. Nikajua.

Nilikukumbuka ulivyokaa kwenye mkeka kule Kalenga, mgongo umeuelekeza mlangoni upate mwanga. Dada yako, Mama Mkubwa Dolotea, aliupima mkanda wako kila asubuhi kwa kamba ya mgomba, anafunga fundo pale ncha ilipofika. Sote tulijua kwamba ncha zikikutana, mtu amekwisha. Mkanda ulipokaribia kitovu akatoa wembe, akakuchanja chale mbele ya ncha, mstari mzima, kama mtu anayefyeka majani kuuzuia moto wa porini. Akasugua majivu na unga wa mizizi yake. Mimi nilikushika mabega. Ukasema, "Shika vizuri, usinitekenye." Hata pale ulitaka tucheke.

Na mkanda ukasimama. Tulifurahi, mama. Mama Mkubwa akasifiwa Kalenga nzima. Kisha chale zikavimba, zikatoa usaha, homa ikapanda, ukaanza kuongea na watu ambao hawapo. Hukumaliza wiki ya pili. Watu wakasema mkanda ulikuwa umekutana kwa ndani, tusikokuona. Nami nikakubali.

Basi Mama Mkubwa aliposikia habari zangu akaja kwa miguu, wembe wake kwenye kitambaa. "Kaa chini nikukate mapema. Mama yako tulimchelewesha." Nilikuwa nimeshavua blauzi. Agnesi akalilia ziwa, nikaomba nimnyonyeshe kwanza. Nikiwa namnyonyesha nikautazama ule wembe, ikanishika hofu ambayo siku yako sikuwa nayo. Nikasema, "Kesho, Mama Mkubwa." Akanuna, akaenda kulala kwa binti yake. Asubuhi nikambeba mmoja mgongoni, mwingine nikamshika mkono, nikapanda mlima hadi dispensari mjini.

Dresa wa pale, yule anayefunga vidonda, ni Mngoni, ana utani mbaya. "Ninyi Wahehe! Babu zangu walikuja na mikuki hamkukimbia, leo mnakimbia upele?" Lakini nilipomwonyesha aliacha mzaha, akaosha mikono. Akaniuliza kama niliwahi kuugua tetekuwanga. Nikakumbuka ulivyonifunga vitambaa mikononi nisijikune, ukaniimbia mpaka sauti ikakauka. Akasema madaktari wanaona ugonjwa ni ule ule. Hauondoki, unajificha ndani ya mishipa ya fahamu, unangoja mwili uzeeke au uchoke. Kwamba nimechoka, mama, hilo halikuhitaji dresa.

Kisha akapitisha kidole hewani, bila kunigusa, kutoka uti wa mgongo hadi katikati ya tumbo. "Mshipa unatoka hapa, unaishia hapa. Kushoto kuna wake, kulia kuna wake. Mkanda unafuata mshipa wake. Ukifika katikati, njia imekwisha. Haukutani, dada. Usipofanya lolote pia haukutani."

Nikamwuliza habari za chale. Akasema malengelenge hukauka yenyewe, na anayeyazungushia wembe na majivu anaufungulia uchafu mlango.

Nilikaa kwenye benchi lile mpaka Bosko akanivuta khanga. Mkanda wako ulisimama kwa sababu ulikuwa umefika mwisho wake. Sisi ndio hatukusimama.

Nilipewa dawa nyeupe ya kupaka na vidonge vya maumivu. Nikaambiwa nifunike kwa kitambaa kilichochemshwa, nisikune, nilale kila nipatapo nafasi. Hapo nilicheka. Alinionya pia kwamba ukitokea usoni karibu na jicho mtu asingoje kesho, jicho hupofuka. Na mtu mzima anaweza kubaki na maumivu miezi mingi wakati ngozi imeshapona. Agnesi alinyonya kulia tu, kushoto nakamua namwaga. Jirani yangu Mama Zuhura, yule ambaye mumewe anauza nguo, akanitazama akasema, "Shoga, moja papai, moja ndimu!" Nilicheka mpaka ubavu ukawaka moto. Wiki ya tatu magamba yakaanguka. Bosko akashikwa na tetekuwanga, nadhani kutoka kwangu, akapona. Hadi leo jioni pananichoma, lakini nalima.

Mama Mkubwa sikumwambia kitu. Miezi miwili nilinyamaza. Nilijiambia, mzee huyu amebaki na nini. Wiki iliyopita akapita hapa kungoja lori la Kilolo. Ameitwa akamkate mkanda mwanamke mmoja mjamzito. Ilinibidi, mama. Nilimwambia yote pale barabarani, kwa sauti ya chini, dereva anapiga honi. Akauliza jambo moja tu: "Kwa hiyo nilimuua mdogo wangu?"

Nikamjibu, "Tulimkata sote. Mimi nilimshika."

Akapanda lori bila kuniaga.

Amerudi jana. Hakutaka kiti, alisimama mlangoni. "Sikumkata. Nilimwosha kwa maji yaliyochemshwa, nikakaa naye. Wakwe zake wamenitukana, eti nimezeeka, dawa imenikimbia. Nimewaacha waseme." Kisha akaniambia, "Wewe umesoma. Mwandikie mama yako. Mimi sijui pa kuanzia."

Ndiyo maana naandika. Tulikupenda, na tulikukosea kwa mikono ile ile. Sikuombi uniambie kwamba halikuwa kosa letu. Najua ungesema hivyo, ungekuwa unatudanganya tupate usingizi. Nakuomba utusamehe likiwa ni kosa.

Kesho kutwa nami napanda lori la Kilolo. Yule mjamzito bado yuko mikononi mwa wakwe, na wanaweza kumtafuta mwingine mwenye wembe. Nitamwonyesha ubavu wangu, auone mkanda ulivyoishia katikati na mimi nimesimama mbele yake. Wakikataa nitakaa hapo hapo mpaka wampeleke dispensari. Nakuahidi hivyo, na unanijua nikikaa mahali.

Jumapili ijayo tutakuja kwako na Mama Mkubwa. Nitamsomea barua hii karibu nawe, polepole, na atakaloniambia niliongeze nitaliandika pale pale. Agnesi ameanza kujigeuza kitandani. Pumzika, mama yangu.

Mwanao,
Letisia

Hapa chini nimemwachia dada yako nafasi.