Mkwe, Nimemnyonyesha Mara ya Tano

Mkwe wangu Mwanaidi,

Nina hasira, na wa kuisikiliza ulikuwa wewe.

Tangu ututoke, siku chache baada ya kumzaa Nasri, wifi yako Bi Zuhura amekuja kutoka Tanga kumlea. Jikoni mwa nyumba tuliyopanga pamoja hapa ughaibuni, Al Mansoura, amehamisha kila kitu, hata viungo vyako. Hilo nimelimeza. La Nasri ndilo lililonikaba.

Unajua alizaliwa kabla ya wakati. Aliporuhusiwa kuja nyumbani tumbo lilikuwa limejaa, analia mpaka sauti inakauka. Naesi wa kliniki, Mkenya asiyezungusha maneno, akauliza kama bado namnyonyesha Raya wangu. Wakanipima damu kwanza. Kisha akanieleza kuwa maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya.

"Hizo si zake, Mama Raya. Ni chakula cha bakteria wazuri wa tumboni. Hao wakishiba, wabaya hawapati pa kukaa."

Nikamuuliza kuhusu kopo letu la maziwa ya unga, maana limeandikwa kuwa lina sukari hizo. Akasema humo wametia aina chache tu, za mama ni nyingi mno. Kopo limewakuza wengi wasio na njia nyingine, lakini sisi njia tunayo.

Nikamweka kifuani. Akashika, shoga, akashika.

Bi Zuhura akaanza kuhesabu. Unaukumbuka mzaha wetu? Ulipoambiwa tumboni ni mwanamume, ukamfinya Raya shavu, ukasema umeshapata mke wa mwanao, tukaanza kuitana mkwe. Kumbe mwenzetu aliuchukua kweli. Na dini tunaijua: mtoto akinyonya akashiba mara tano, huyo mwanamke ni mama yake na wanawe ni ndugu zake, hawaoani. Nasri alipomaliza mara ya nne, wifi yako akamchukua mapajani mwangu.

"Ya tano iwe ya kopo. Uchumba usife."

Uchumba! Mtoto tumbo limevimba kama ngoma, mtu anawaza harusi! Niliyomjibu siyaandiki, ungenifinya. Nikampigia mumeo kazini. Nyuma yake nikasikia honi za magari.

"Mpe, shemeji," akasema. "Kwanza aishi."

Nikampa, na tangu hapo sijahesabu. Tumbo limelainika, choo kimekuwa cha njano, analala. Bi Zuhura hanisemeshi mimi, anazisemesha sufuria.

Nawe pia nimekukasirikia. Ilikuwa kazi yako hii. Maziwa yalikuwa yameshaingia, nguo yako ya hospitali ilikuwa imelowa, na hukungoja hata akuonje. Naifua, nalia, naikasirikia hata sabuni.

Basi, kwaheri. Mungu akulaze pema. Nasri atalijua jina lako kabla ya langu, na Raya atakua akijua ana mdogo wake. Mkwe sikuiti tena.

Lala, mama mwenzangu.