Asili ya Bila Kofia

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Wifi aliniandikia kwamba kikohozi kimekuachia na sasa unakula vizuri. Nimefurahi, ingawa namjua wifi, huwa hasemi la kuumiza. Nasikia watoto wote wawili wameng'oka meno ya mbele wiki moja. Nawabusu na mapengo yao. Mimi mwili ni mzima. Mengine nitayasema, na nakuomba usome ukiwa umekaa.

Kazini bado nachora. Jarida letu la katuni limeanzisha ukurasa wa Asili ya Jina, maana wasomaji wamechoka kufuata mashujaa wetu bila kujua nani aliwapachika majina. Mhariri akaamuru kila mchoraji aeleze wake alitoka wapi. Ungecheka, kaka. Sindano, yule anayepenya tundu la ufunguo, kumbe ni jina la utani la tarishi wetu wa zamani, mwembamba ungedhani upepo utamchukua. Bi Kimya, anayesikia uongo ukiwa bado kooni, ni mama mkwe wa mhariri mwenyewe, na tumeapishwa tusimwambie.

Amebaki wangu. Wasomaji wanauliza kwa nini Bila Kofia anaitwa hivyo, na mkono wake wa kushoto ulikwenda wapi. Mhariri anataka radi, au nyota iliyoanguka. Nimechora radi mara tatu na kuichana mara tatu.

Wewe unadhani unajua jina lilikotoka. Pale kwenye kiwanda cha mbao, wewe fundi na mimi karani, desturi ilikuwa moja: anayeingia chini ya msumeno kuusafisha hutundika kofia yake kwenye swichi, na swichi yenye kofia haiguswi hata na mwenye kiwanda. Siku ile mwendesha mashine aliikuta swichi tupu, akawasha. Wakasema hukutundika. Ulipotoka hospitali na mkono mmoja, walikwisha kukuita Bila Kofia, na msimamizi aliandika kwamba uzembe ulikuwa wako.

Mwanzoni ulibisha. Ulisema ulitundika, unakumbuka kabisa. Mwaka wa pili ukasema labda. Sasa wifi ananiambia unarudi kuangalia mlango mara tatu, jiko unamwachia yeye azime, na ukimshika mwanao kuvuka barabara unamuuliza mpita njia kama kweli hakuna gari. Wewe, fundi uliyekuwa ukipima mbao kwa jicho tu!

Ndiyo maana nilimchora. Nilidhani nikilichukua jina la dhihaka nikampa shujaa, litasafika. Ukabandika kurasa ukutani, ukawaambia majirani mdogo wako amekurudishia heshima. Kila uliponisifu nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kaka, ulitundika. Kofia niliitoa mimi.

Nilipita na kitabu cha oda nikaiona, ile ya bluu, ukingo umefumuka. Nikasema niishone haraka niirudishe kabla hujamaliza. Mashine zilikuwa kimya, nami nikajiona nakutendea wema. Desturi niliijua kama ninavyojua jina langu, ila dakika ile haikunijia kichwani. Nilikuwa na sindano mkononi niliposikia sauti yako. Nikaisukuma kofia ndani ya droo, na walipouliza nikasema sikuiona. Nilinyamaza siku hiyo kwa woga, nikajiambia kesho nitasema. Kesho hiyo sasa ina miaka kumi na mmoja.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na aliyeitembea ni wewe.

Ukurasa nimeukabidhi jana, bila radi, na jina langu juu yake. Utatoka Jumamosi, na sikutaka uusome kabla ya barua hii. Msamaha siuombi, kwa kuwa sioni utautoa wapi. Kalamu nimeiweka chini. Sioni nitamchora tena nani. Naomba jambo moja tu: ukifunga mlango leo, funga mara moja ukakae.

Msalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawapenda. Kofia imo humu kwenye kifurushi. Uzi wangu bado unaning'inia pale nilipoishia.

Ni mimi,
Mdogo wako