Karatasi ya Pito la Nne

Dada yangu mpendwa,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja: barua hii isome peke yako, ukiwa umefunga mlango, na neno lolote lililomo lisikutoke kinywani. Usimwambie mama. Usimwambie yule jirani yako fundi cherehani, ambaye najua mnaambiana hata ndoto. Ukishaahidi moyoni, endelea.

Hujambo wewe? Watoto hawajambo? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa asubuhi? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi na chakula vimenisusa tangu juzi. Nakuandikia kutoka nyumba ya wageni iliyoko chini ya mlima, upande wa pili wa pito la nne. Chumba kina kitanda, kiti kimoja na dirisha linalotazama barabara. Tangu nianze ukurasa huu nimeinuka kuitazama barabara hiyo mara sijui ngapi.

Utajiuliza nimefuata nini huku, wakati ofisini nimeaga kwamba nakwenda kung'oa jino. Jino langu halina kasoro.

Kazi yangu unaijua kwa masimulizi ya shemeji, naye huongeza chumvi, basi acha nikueleze mwenyewe. Kampuni yetu huwavusha wageni milima kwa pikipiki, mapito manne kwa siku nne, kila pito likiwa barabara inayopanda upande mmoja wa mlima na kushukia upande wa pili. Mimi nakaa chumba cha juu ya duka la matairi, nanusa mpira kuanzia asubuhi, nakagua leseni, na zaidi ya yote naandika karatasi za njia. Kila pito lina karatasi yake, imefunikwa plastiki, inafungwa juu ya tangi la mafuta mbele ya macho ya mwendeshaji. Humo kila kona ina namba: inakata kushoto au kulia, ina lami au kokoto, korongo liko upande upi. Ukungu ukishuka, na kule juu hushuka karibu kila mchana, mtu haoni hata mita tano mbele yake. Hapo kiongozi wa msafara huhesabu kona na kuiamini karatasi. Kiongozi mwenyewe ni mumeo.

Sharti la bosi ni kwamba anayeandika karatasi awe ameshuka njia hiyo kwa pikipiki, kisha atie sahihi. Pito la nne lilichongwa upya baada ya maporomoko, na mwezi uliopita nilitumwa mimi. Mafundi wa karakana walicheka mpaka wakaweka spana chini. Walisema Kalamu, ndivyo walivyokuwa wakiniita, akirudi na suruali kavu watakunywa chai bila sukari wiki nzima. Shemeji aliwaambia wajiandae kuizoea, kwa sababu shemeji yake hana woga hata kidogo. Niliporudi na daftari limejaa, alininyanyua mbele yao kama mtoto, na tangu siku ile nikawa Chuma. Wakiniita naitika.

Juzi asubuhi shemeji aliondoka na wageni sita. Niliwapungia mkono dirishani, nikakaa kupanga nakala kwenye faili. Daftari langu lilikuwa limefunguka karibu na karatasi ya pito la nne, macho yakateleza kutoka hapa hadi pale, nikavuta karatasi karibu. Nilisoma tena kwa kidole, kona moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Dada, sikulishuka lile pito.

Nilivuka matatu ya mwanzo vizuri, nikapanda la nne hadi kwenye banda la kileleni. Nikatazama chini. Barabara ilikuwa kama uzi ulioanguka kwenye ukuta, nikazima injini. Nilikaa pale hata injini ikapoa, kisha nikarudi nilikotoka, upande ambao mteremko wake ni wa polepole. Huko chini nikampata dereva wa lori la saruji, tukapakia pikipiki, tukazunguka kwa njia ya bondeni nusu siku nzima hadi huku. Aliniuliza kama anayeumwa ni pikipiki au mwenye pikipiki, nami nikasingizia klachi. Kutoka hapa nikapanda. Kupanda naweza, maana unautazama mlima; kushuka upande huu unatazama shimo. Nilipanda nikiandika kila kona, nikafika tena bandani, nikajiambia njia ni ile ile, nitaigeuza mezani.

Nikaigeuza. Kona ya mwisho nikaifanya ya kwanza, na ya kwanza nikaifanya ya mwisho, kwa mwandiko mzuri na rula. Nilichosahau ni kwamba kona inayokata kushoto ukiwa unapanda, ukishuka inakata kulia. Sikubadilisha hata moja. Kona ya kumi na moja ina kokoto, inakata kulia, na kushoto kwake hakuna ukingo, ni korongo tupu. Karatasi yangu inasema kushoto. Chini yake kuna sahihi yangu.

Watafika kileleni kesho kwenye saa nne, watakula, na saa nane wataanza kushuka, saa za ukungu. Simu za kawaida haziwapati tangu pito la kwanza. Shemeji ana simu ya setilaiti, lakini namba yake anayo bosi peke yake. Mara mbili nimempigia bosi. Mara mbili amesema haloo, nami nikakata. Nimefikiria kicheko cha karakana, nimemfikiria shemeji akisimama katikati yao. Ndiyo maana jana nilichukua pikipiki ya ofisi nikaja kwa njia ya bondeni. Kesho kukipambazuka nitapanda na karatasi mpya, niwahi bandani kabla yao. Hiyo ndiyo hila yangu yote.

Nimeisoma tena barua hii hadi hapa. Nimekuomba usimwambie mtu, kana kwamba siri yangu ina uzito kuliko watu saba. Pikipiki inaweza kupata pancha. Ninaweza kuogopa tena. Dereva yule wa lori yuko hapa leo na anarudi huko kwenu; basi akikupa bahasha jioni hii, vaa viatu uende nyumbani kwa bosi, umpe barua yenyewe. Sauti yangu imeshindwa, mwandiko utasema.

Nisalimie watoto, na mama umwambie naendelea vyema. Shemeji sina salamu ya kumpa kwa leo.

Ni mimi mdogo wako, niliyekutia aibu.

Kunipata: hadi kesho saa kumi na moja alfajiri piga simu ya nyumba hii, namba iko nyuma ya bahasha. Mwenye nyumba hasikii vizuri, iache iite. Mwombe mgeni wa chumba cha uani. Nitapokea, na sitakata. Baada ya hapo nitakuwa barabarani, simu yangu haitashika. Kuanzia saa nne mwombe bosi aipigie ile simu ya setilaiti, umwambie shemeji anipe nizungumze nawe, hata kama hataki kunitazama. Akijibu kwamba sijafika, asinisubiri na asishuke. Awageuze wageni, warudi walikotoka.