Jikoni Usipige Deki

Hasna mwanangu,

Wali upo kwenye hotpoti. Dagaa nimeshawaosha, wakaange tu. Luku imebaki kidogo, usiwashe pasi. Na jikoni usipige deki. Narudia, usipige deki!

Najua jana nilimkubalia baba yako kwamba siendi Bujumbura mpaka maandamano yapoe. Lakini leo alfajiri, yeye akiwa msikitini, nimesikia hodi mlango wa uani. Ni mama yako mdogo Zuhura kabisa, anavyoivuta ile hodi yake, na Zuhura yuko kwa mumewe Buyenzi, hukohuko Bujumbura. Nikaitika karibu, nikafungua. Hapakuwa na mtu. Nikampigia simu. Hapatikani tangu juzi.

Nilipogeuka nikaona nyayo za maji sakafuni, za miguu mitupu. Wa kushoto hauna kidole cha mwisho, kama wake. Zimeingia mpaka jikoni. Za kutoka hakuna. Na mvua hatujaiona wiki nzima. Mpaka naandika hapa hazijakauka.

Baba yako kacheka, eti nimemwaga ndoo. Haya, Baba Hasna, kama ni ndoo, mbona ulizizunguka, hukuzikanyaga? Nilikuona.

~~Nitasubiri mpaka Ijumaa.~~ Naondoka na gari la Manyovu asubuhi hii, nivukie mpaka hapo.

Nikifika nitapiga simu. Nisipopatikana, halafu ukasikia hodi yangu mlango wa uani, usiitike. Mwambie baba yako anifuate.

Mama