Shuka, Wewe ni Kura

Jumatano, mwezi wa saba. Jua halijaonekana hapa Mutuini, ukingoni mwa Nairobi, tangu Jumapili. Kuna yale manyunyu yasiyolowesha mtu mara moja, yanakuingia polepole hadi yafike kwenye mifupa. Naandika nikiwa nimekalia ndoo niliyoipindua nje ya chumba changu, simu mkononi, maana stima imepotea na ndani ni giza mchana.

Leo tumemtoa Muema mochari. Nilipaswa kuwa naye kwenye basi sasa hivi, tukielekea Kitui.

Siko.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni mbeba mizigo River Road. Simenti, mabati, rangi, chochote ambacho duka la vifaa vya ujenzi linauza, kinapita juu ya mgongo wangu. Shule niliiacha darasa la saba, kwa hivyo nikikosea mnivumilie. Muema tulitoka kijiji kimoja, tukabeba mizigo ya duka moja, na hapa kwenye ploti ya vyumba vya kupanga milango yetu ilikuwa inatazamana. Zamani, tukiwa vijana tusioamini kifo, tuliahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake ataketi kando ya jeneza mpaka nyumbani, asije akasafiri kama mzigo usio na mwenyewe. Tulikuwa tunacheka. Mtu anayeshinda akibeba mizigo anajua mzigo husafirishwa vipi.

Kwetu mtu hazikwi Nairobi. Nairobi ni kazi tu. Ndiyo maana tuna kikundi cha mazishi, sisi watu wa Kitui tunaoishi huku. Tunakutana juu ya hoteli moja River Road, na mwenyekiti ni Mzee Nzioki, fundi viatu, mtu aliyewarudisha wengi nyumbani kwa heshima. Simtukani. Hata akiniudhi namna alivyoniudhi leo, simtukani, kwa sababu siku yangu ikifika ni yeye atakayenirudisha.

Hapo ndipo shida yangu yote ilipo.

Kesho jimbo letu linapiga kura ya uchaguzi mdogo. Vyama vyenye nguvu ni viwili. Ngazi ni chama cha wenyeji, Wakikuyu, ambao ndio wengi hapa na ndio wenye ardhi na nyumba. Kibuyu ni chama cha nyumbani kwetu. Sisi wapangaji wa Kikamba ni wachache, lakini wanasiasa wamegundua kwamba wenyeji wakigawanyika, wachache hawa wanaweza kuangusha mtu. Basi ghafla tumependwa.

Lakini kupendwa kwenyewe ni kama mfuko wa simenti unavyopendwa. Unahesabiwa, unapangwa juu ya mwenzako, hakuna anayekuuliza kama ungependa kukaa mahali pengine. Kibuyu wanasema kura zetu ziko kabatini na ufunguo wanao wao. Ngazi wanasema tusipotezewe muda, tunajulikana tulipo. Nimewasikia wote wawili wakisema hivyo nikiwa nimesimama papo hapo.

Na mgombea wa Kibuyu ni nani? Ni mwenye ploti yetu. Aliitafuta tikiti ya Ngazi, akaikosa, wiki iliyofuata tukamwona amevaa kijani cha Kibuyu akituita ndugu zake. Tumekaa kwenye nyumba zake miaka yote hii bila kujua kwamba sisi ni ndugu. Juzi mkutanoni alijaribu salamu ya kwetu, akaivunja vipande vipande. Watu wakacheka. Akadhani amependwa.

Lakini chama ni chetu, wanasema. Usimtazame mtu, tazama chama.

Mimi nilimtazama mtu. Muema pia.

Mgombea wa Ngazi ni mama mmoja, mwalimu aliyestaafu. Mwaka ule mtaro ulipofurika na maji machafu yakaingia vyumbani, wakubwa walikuja wakapigwa picha barabarani. Yeye alikuja na buti za mpira na sepetu. Hakuwa anagombea kitu wakati huo. Alizibua mtaro pamoja nasi mpaka maji yakapita, akamkemea Muema kwa kushika sepetu vibaya, kama anavyomkemea mwanafunzi. Muema hakusahau. Alipotangazwa mgombea, Muema alichukua bango lake akalibandika mlangoni mwake, mlango wa chumba kilicho kwenye ploti ya mpinzani wake. Nilimwambia, ndugu yangu, bandika ndani. Akasema ndani nitamwona mimi peke yangu, na mimi nimeshaamua.

Keateka, yule anayemtunzia mwenye ploti nyumba zake, alikuja asubuhi na bisibisi.

"Mzee, mlango ni wa mwenye ploti. Wewe umekodi chumba."

"Chumba bila mlango ni chumba gani?"

"Basi toa hiyo karatasi."

Muema hakuitoa. Mlango ukaondoka na bango lake. Kamene, mke wake, ambaye alikuwa amekuja kumwuguza kifua, alitundika blanketi pale mlangoni. Mjue ni mwezi gani huu. Mjue baridi ya huku, inavyoshuka na ukungu kutoka upande wa msitu. Nilimwambia ahamie kwangu, akakataa, akasema akihama watasema ameshindwa. Alikohoa nyuma ya blanketi lile mpaka alipopelekwa hospitali, na hospitali hakutoka akitembea.

Daktari alisema kifua kilikuwa kimeharibika siku nyingi, vumbi la simenti. Kwa hivyo siwezi kuandika hapa kwamba mlango ulimuua. Sitasema nisichokijua. Najua tu kwamba alikuwa na baridi.

Sasa ya leo.

Kampeni zilifungwa juzi, ndiyo sheria. Lakini hakuna sheria inayofunga mazishi. Kwetu watu huzikwa Ijumaa au Jumamosi ili jamaa wafike, ila Muema wamempangia Alhamisi, na mwili ukatolewa leo, siku moja kabla ya kura, ili aliyeleta basi na jeneza aonekane. Aliyeleta ni mwenye ploti. Mbao za mlango aling'oa, mbao za jeneza ameleta.

Jeneza lilipotolewa lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kijani chenye picha ya kibuyu. Nilidhani macho yangu yananidanganya. Mwenye ploti alisimama kando, kofia kifuani, uso wa huzuni kabisa. Mzee Nzioki akaomba, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Huyu alikuwa Kibuyu damu! Hata kifo hakijamvua."

Nilifungua mdomo. Nakwambieni nilikuwa tayari. Nikahisi mkono umenikamata kifundo cha mkono, mkono wa Kamene, na kucha zimeingia.

"Baba Mwikali, nyamaza," akaninong'oneza bila kunitazama. "Basi ni lao. Niache nimfikishe."

Nikafunga mdomo. Unasema nini na mjane? Watoto wanasubiri baba yao Kitui, kaburi limechimbwa, na mimi sina basi.

Tukabeba jeneza hadi kwenye basi. Nilishika upande wa kichwa. Kwa kazi yetu nilijua uzito wa Muema ulivyopungua kabla sijanyoosha mgongo. Nikapanda, nikakaa kando yake kama tulivyoahidiana, mkono juu ya mbao, chini ya kile kitambaa.

Ndipo Mzee Nzioki akapanda na vijana wawili wenye fulana za kijani, wakaanza kuuliza kiti kwa kiti.

"Kura yako iko wapi?"

"Kitui."

"Sawa, kaa. Na yako?"

"Mutuini."

"Shuka, ndugu. Asante. Shuka."

Sikuelewa mpaka walipofika kwangu.

"Mutinda, shuka."

"Mzee, huyu ni ndugu yangu. Tuliahidiana."

"Najua. Kila mtu anajua. Lakini ukienda Kitui kesho utapigia kura wapi, kwenye kaburi? Watu wa kuzika watatosha. Wa kupiga kura hawatoshi. Wewe ni kura. Shuka."

Mtu nyuma akasema, "Mzee, hata marehemu kura yake ni ya Mutuini. Mbona yeye hashuki?"

Basi zima lilicheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, mkono wangu ukiwa bado juu ya jeneza. Mzee Nzioki hakucheka. Alisema, "Huyo tumeshampoteza. Hatutaki kupoteza mwingine." Nadhani alisema kwa uchungu wa kweli. Ndilo jambo linalonichanganya kuhusu mzee huyu.

Nilimtazama Kamene. Akatikisa kichwa kidogo, usibishane. Nikashuka.

Basi likaondoka. Tuliobaki kando ya barabara tulikuwa wanaume wazima tunaotazamana kama mizigo iliyosahaulika. Wengine wakaenda kunywa chai. Mimi nilipita mjini kwa miguu mpaka River Road, nikafikiri nifanye kazi ya nusu siku nisahau. Dukani walinipa mfuko wa kwanza, nikauweka begani, nikakumbuka nimevaa nini ndani ya koti.

Fulana ya Kibuyu. Ndiyo, ninayo. Walizigawa, ni pamba nzuri, inazuia simenti isichome ngozi. Huivaa kazini kila siku. Leo iliniwasha mwili mzima. Nikaomba ruhusa nikarudi nyumbani.

Mutuini nako, kwenye stendi ya bodaboda, vijana wa Ngazi walinijua.

"Mkamba! Leo Kibuyu kimewapikia nini?"

"Kesho mkianguka mpande basi lenu mrudi kwenu!"

Walikuwa wanatania, labda. Mmoja wao ndiye hunibeba mvua ikinyesha, na hucheka hivyo hivyo. Lakini basi lile walilolitaja lilikuwa na Muema ndani. Na hawa ndio chama ninachotaka kukipigia kura. Nikapita. Nikajiuliza, yule mwalimu akishinda, hawa ndio watakaosherehekea. Watapita mbele ya ploti yetu wakiimba, na hawatajua kwamba mmoja wa waliomwinua yuko ndani amejifungia akiwaogopa.

Wa nyumbani wananiita kura. Wa hapa wananiita mgeni. Jina langu nimebaki nalo peke yangu.

Nilipoingia kwenye ploti nilisimama.

Mlango umerudi.

Uko mahali pake, skrubu zote, umefungwa kufuli mpya. Bango la mwalimu limekwanguliwa, zimebaki alama za gundi, na juu yake pamebandikwa kibuyu. Keateka alikuwa anafagia. Akaniambia bila aibu yoyote, "Chumba kitaingia mtu mwezi ukiisha. Si ungependa jirani mzuri?" Blanketi lilikuwa limekunjwa juu ya ndoo, lenye maji ya mvua. Ndoo hiyo ndiyo nimeikalia. Blanketi nimelianika kwangu.

Ninaogopa. Naliandika wazi maana majina nimeyabadilisha, na hapa hakuna anayenijua. Mzee Nzioki amesema kesho tutajulikana. Kura ni siri, nimesoma kiasi cha kujua hilo, lakini wapangaji wa ploti hizi wote tunapigia kura shule moja, na kibuyu kikikosa kura pale wataanza kutafuta mdomo uliokuwa kimya. Nikitolewa kwenye kikundi, siku yangu nani atanifikisha? Mwanangu Mwikali bado yuko shule. Mama yake hana nguvu za kuja kuulizia maiti Nairobi. Nafikiria kulala kwenye udongo huu mwekundu ambao si wetu, na mgongo unapata baridi ambayo si ya leo.

Nilikuwa nimekusudia kumalizia hapo, bila jibu. Hata nilikuwa nimeshaanza kujiambia kwamba kura moja ni nini, nipige kibuyu, nilale salama, Muema ataelewa.

Halafu simu imelia. Ni Kamene. Sauti ya basi nyuma yake, na watu wanaimba pambio.

"Foleni ya mjini ilitushika, ndiyo kwanza tumepita Machakos," akasema. "Nilitaka ujue hayuko peke yake. Nimekaa pale ulipokuwa umekaa."

Nikaibana simu sikioni.

"Na ile shuka yao ya kijani nimeitoa."

"Umeitoa? Wale vijana wao wanaosindikiza wamesemaje?"

"Wamelala. Nimeikunja nikaikalia. Kiti hiki ni kigumu, na barabara ni mbovu." Nilisikia anacheka kidogo, cheko la mtu aliyelia mpaka akachoka. "Baba Mwikali, mimi nilikuwa nahitaji basi. Sasa basi liko njiani. Wewe kesho fanya yako."

Akakata. Giza linaingia na stima haijarudi. Keateka amemaliza kufagia.

Kesho nitavaa shati langu la kanisani, si fulana. Nitawahi foleni. Nikiingia pale kwenye kile kibanda cha kadibodi, mahali pasipo na mlango wa mtu yeyote, nitaweka alama ya Muema mahali alipoitaka. Mzee Nzioki akiniuliza, sijui nitasema nini. Labda nitasema kweli. Labda nitanyamaza tena, nimeshaona naweza.

Wanasema mazishi ni saa nne. Saa nne bado nitakuwa kwenye foleni, najua foleni za huku. Nitavua kofia nisimame nayo mkononi mpaka nikadirie kwamba wamemaliza kumfukia. Walio nyuma yangu watashangaa huyu mzee amevua kofia kwa nini, na baridi yote hii.