Wino Mwekundu wa Baba

Nishijin, Kyoto
6 Novemba 1966

Kwako Kaka Shunzo,

Nakusalimu wewe, wifi, watoto, na yule mjukuu mpya ambaye picha yake nimeibandika karibu na ya Mama. Goti lako linaendeleaje? Uliniandikia kwamba mvua za Brazili zikianza, hata ngazi za ghala la kahawa zinakushinda. Mimi huku ni mzima, isipokuwa meno mawili yameniaga na la tatu linafunga virago. Mkaki wetu wa uani umezaa mpaka matawi yameinama. Nimemenya matunda na kuanika kamba tatu, na bado majirani wanachukua.

Kaka, barua hii itakuwa ndefu. Naomba uisome ukiwa umekaa.

Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja wa maktaba, Bwana Nagatsuka, mwenye miwani minene na soksi zilizotoboka. Anakusanya karatasi za enzi za filamu zisizo na sauti: mabango, barua, miswada, hasa ya waandishi wa vitabu walioziandikia studio kwa siri. Sijui nani alimwambia habari za Baba. Unakumbuka alivyojificha: hadithi za gazetini alitia jina lake, Ukita Genpei, lakini za filamu alitia jina la kubuni, eti rafiki zake washairi wasije wakamcheka. Nagatsuka aliniuliza kwa adabu kama karatasi za mzee zipo. Nikamwambia zipo, panya wakipenda.

Basi kwa wiki tatu tumekaa mkekani tukifungua masanduku, na kila karatasi ilinirudisha nyuma. Lilipotoka tangazo la ukumbi wa sinema wa Shinkyogoku nilisikia kabisa harufu ya ngisi wa kuchoma. Nilimsimulia kijana wa watu jinsi Baba alivyotupeleka, jinsi msimulizi alivyosimama kando ya pazia na kuwasemea watu wote wa kwenye picha, na jinsi Baba alivyolia gizani halafu akasingizia moshi wa sigara. Nikamweleza pia ulivyokuwa ukimwiga msimulizi yule bafuni, wewe peke yako ukiwa shujaa, mjane na farasi, hadi Mama akagonga mlango: “Shunzo, toka! Maji yanapoa. Na huyo farasi wako naye atoke!” Nagatsuka alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilicheka naye, kisha nikaingia jikoni nikajifanya natafuta chai.

Siku ya tisa akafungua bahasha ya kahawia na kupiga kelele. Ulikuwa mswada wa filamu, “Mfua Vitambaa wa Horikawa.” Ile hadithi ya Baba ya gazetini anaijua, ila hakujua kwamba iliwahi kuandikwa upya kwa ajili ya filamu.

“Bi. Chiyono, hii ni dhahabu!” aliniambia. “Mzee aliigeuza hadithi yake mwenyewe!”

Kaka, niliujua mwandiko wako kwenye mstari wa kwanza, herufi zilizolala upande kama watu wanaotembea kwenye upepo. Nikamwongezea chai.

Pembezoni mwa kila ukurasa Baba ameandika kwa wino mwekundu. Mahali pamoja anasema: “Maneno mengi. Mwache atazame tu.” Pengine: “Nani kakufundisha hili?” Nagatsuka alijikuna kichwa, akauliza kama mzee alikuwa na tabia ya kujisemesha. Mwisho wa hadithi ya Baba, yule mwanamke mfua vitambaa anajitosa mtoni. Kwenye mswada wako anakusanya vitambaa vyake, anavikamua, na kwenda nyumbani akiwa ameloa hadi magotini. Hapo Baba ameandika: “Mimi nilimzamisha kwa kuwa sikujua la kumfanya. Wewe umejua. Umenishinda.”

Najua unavyosoma haya sasa. Ulimpa Baba mswada ule majira ya kuchipua ya mwaka 1929, akaupokea bila neno. Ulingoja. Mvua za Juni zilipokwisha uliniambia, “Mzee hata kunitukana kaona ni taabu.” Umeishi na neno hilo upande wa pili wa dunia.

Sasa nikwambie ukweli, nisije nikafa nao. Baba aliusoma, akaunakili wote kwa mkono wake, akaupeleka kwenye studio moja ya Tokyo kwa jina lako. Hakukwambia, unamjua, alitaka habari njema ije yenyewe. Na ilikuja. Barua ilifika katikati ya Juni, wewe ukiwa kazini kwa yule fundi wa kupaka rangi na Baba ametoka. Niliifungua mimi. Walikuwa wanautaka mswada, na wewe mwenyewe walikutaka uhamie kwao kabla ya mwezi kwisha. Chumba kilikuwa tayari.

Nilikuwa na miaka kumi na sita na Mama alikuwa na miaka minne kaburini. Niliona nyumba hii ikibaki na mimi na Baba, hakuna sauti ila ya vijiti kwenye bakuli. Nikaishona barua ndani ya mkanda wa kimono wa Mama. Nilijiambia ni kwa siku chache tu. Siku chache zikawa mwezi, na mwezi huo ukaja na karatasi za kwenda Brazili, tayari umezitia sahihi. Nilitaka nisikukose kwa mwendo wa treni, nikakukosa kwa bahari nzima.

Baadaye studio ilimwandikia Baba kwamba walikuita nawe hukujibu; kwa kiburi chake hakukuuliza, akaamini uliipata barua ukaidharau. Meli yako ilipoondoka Kobe alisema, “Tokyo hakutaka, kahawa ndiyo kataka. Basi, ni mtu mzima.” Ningeweza kusema palepale. Sikusema. Hakuandika tena filamu hata moja, na mwaka wa arobaini na nne alikufa akidhani ulimdharau, nawe ukidhani alikudharau. Katikati yenu nilikuwa mimi.

Juzi Nagatsuka alikuja kubandika lebo yenye jina la Baba kama mwandishi. Nikamwambia aweke kalamu chini. Nilileta mkanda, nikaufumua mshono kwa mkasi, nikamtolea barua. Aliisoma mara mbili, akauliza huyu Ukita Shunzo ni nani.

“Ni kaka yangu,” nikasema. “Yu hai. Analima kahawa.”

Alichana lebo ile, akaandika nyingine kwa jina lako, polepole, akiniuliza kila herufi. Wangependa kuuonyesha mswada mwezi wa Aprili. Nimemwambia ruhusa si yangu kutoa.

Sikuombi unisamehe, Kaka. Ukikaa kimya nitaelewa. Kimya hicho nilikianzisha mimi. Msalimie sana wifi, umbusu mjukuu kwa niaba yangu, na ulikande goti kwa maji ya moto.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yako. Imechelewa miaka thelathini na saba.

Mdogo wako,
Chiyono