Kigae Nilichokitoa Pangoni

Shangazi,

Mlio ulionibakia ni wa kombe la chaza mkononi mwako likigonga jiwe. Mara tatu, halafu kimya, halafu sauti yako: "Hodi wenyewe." Nilikuwa na miaka saba, na nilisubiri kwa dhati mtu aitikie kutoka ndani ya pango. Hakuitikia mtu. Ukaniambia wenyewe hawaitikii, ila wanapenda kuulizwa.

Miezi minane sasa tangu tukuzike. Nakuandikia kwa sababu kuna neno nilipaswa kukuambia ukiwa hai, na kwa sababu ile njia yetu si yetu tena. Watu wa mradi wa utalii wameifungua. Inaanzia kwenye mnara wa taa wa Ras Mkumbi, inafuata ukingo wa majabali, inapita kwenye msitu wa popo, kisha inateremka mpaka pangoni. Kila baada ya hatua chache kuna jiwe lililopakwa rangi nyeupe. Wageni huipita asubuhi na viatu vyao vizito, wanapiga picha mawe ambayo wewe uliyakanyaga peku huku unatafuna muhogo mbichi. Karibu na pango kuna kibao, na maneno ya kibao hicho ni yangu. Nimeandika kwamba watu waliishi hapa kabla ya misikiti, kabla ya maandishi. Walikula samaki na chaza, walifinyanga vyungu na kuvichora pembetatu shingoni kabla ya kuvichoma. Watu wanakisifu. Hakuna anayeuliza nimezijuaje hizo pembetatu.

Wewe ungeuliza.

Mlikuwa wawili tu mlioruhusiwa kufagia mle ndani, wewe na Bi Hadia, kila mwisho wa Shaaban kabla ya mfungo. Vigae vya vyungu vya mle mlivijua kama mama anavyojua meno ya mwanawe: kipi kinakaa wapi, kipi kimegeuka. Mliviinua, mkafagia chini yake, mkavirudisha. "Cha pangoni hulala pangoni." Mwaka wangu wa kwanza chuoni mhadhiri alisema jambo hilohilo kwa maneno marefu: kitu kikiondolewa mahali pake bila kuandikwa, kinakuwa bubu. Nilicheka peke yangu. Nikawaza, Shangazi hakusoma, na amefika kabla yangu.

Na bado nilikichukua.

Ilikuwa likizo ya mwaka wa tatu. Mlikuwa mnataniana mlangoni mwa pango. Bi Hadia akakuambia, "Unafagia kama unayetafuta mume." Ukamjibu, "Na wewe kama uliyempata ukajuta." Mkacheka mpaka mkashikana mabega. Nyuma ya kicheko chenu nikainama mle ndani, nikachukua kile kigae cheusi cha pembeni, chenye pembetatu, ukubwa wa kiganja, nikakitia mkobani. Nilijiambia nakiazima. Nikakipiga picha, nikakiandikia tasnifu nzima, na mahali kilipotoka nikaandika tu "pwani ya kaskazini". Walimu wakanisifu. Wewe ukazipeleka sifa hizo kila nyumba ya kijiji chetu cha Bweni.

Shaaban iliyofuata kigae hakikuwepo. Bi Hadia aliapa kwamba hajakigusa. Ulipougua, ukiwa kitandani hospitalini Kilindoni, umekonda, mkono wako juu ya wangu, ukaniuliza mimi.

"Mwanangu, ulichukua?"

"Sikuchukua, Shangazi."

Ulinitazama kidogo. Kisha ukageukia ukutani ukasema, "Basi ni Hadia."

Maneno matatu. Ningeweza kuyazuia palepale. Nilikunja shuka miguuni pako, nikauliza kama utakunywa uji.

Sikuamini, wala siamini leo, kwamba kigae ndicho kilichokuua. Daktari alieleza, nami nilimwelewa. Lakini najua ulikufa ukimchukia mwenzio wa tangu usichana, na chuki hiyo nilikupa mimi. Kwa mkono huuhuu ninaoandikia.

Siku ya mazishi alikuja na karafuu maiti na marashi, ili akuoshe. Jamaa zetu, ambao neno lako la hospitalini lilikwisha kuwafikia, wakamzuia mlangoni. "Rudi, Bi Hadia. Mwenyewe hakutaka." Aliviweka vitu vyake kizingitini, akaenda kukaa uani kwa jirani mpaka jeneza likatoka. Mimi nilikuwa ndani, nimeshika kata ya maji. Nilimwona. Nikaendelea kumimina.

Mwezi uliopita mradi ulitaka wanawake wa kuongoza wageni. Jina la Bi Hadia lilipotajwa, mmoja akasema, "Yule wa kuiba pangoni? Si atawaibia hata viatu!" Wakacheka. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, mimi ndiye niliyeandika orodha. Sikuliandika jina lake. Niliacha mstari mtupu, kana kwamba mstari mtupu ni ujasiri.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa anaanika mwani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikamwambia yote, nikaweka kigae mkekani mbele yake. Hakukigusa. Alimaliza kwanza fungu lililokuwa mkononi, akalitandaza vizuri, akajifuta.

"Jina langu lilivunjwa uwanjani," akasema. "Huwezi kuja kuniungia kibarazani."

Nikamuuliza kama atakusamehe wewe.

"Shangazi yako nimeshamsamehe. Alidanganywa na aliyempenda. Wewe, mtoto wewe, tutaona."

Ijumaa baada ya sala, wanawake walipokusanyika shuleni kukamilisha ile orodha, nilisimama nikasema mwizi ni mimi. Nikasema na uongo niliokuambia kitandani, na kwamba ulimdhania vibaya kwa sababu yangu. Unisamehe kukutaja mbele za watu. Bila hivyo ungamo langu lisingekamilika. Mtu wa nyuma akasema, "Msomi wetu huyo!" Wakaguna. Wengine hawajanisalimia tangu siku hiyo. Bi Hadia alikaa kwenye benchi la mbele, hakugeuka. Walipomuuliza kama bado anataka kuongoza wageni, akajibu, "Niulizeni vizuri." Wakamuuliza vizuri.

Chuoni nimewaandikia kigae kilitoka wapi na nilikipataje. Hawajanijibu. Huenda wakaniondolea shahada waliyonipa. Kazi ya mradi nimeiacha mwenyewe.

Sijui kama habari hufika huko uliko. Nakuombea kila alfajiri, na siku hizi dua naifikisha mwisho. Mungu akupanulie hapo ulipo, Shangazi. Nakuahidi, maadamu niko Bweni, Bi Hadia hatabeba mwani wake peke yake, akitaka asitake, na uongo sitakuambia tena hata huko usikoweza kuniuliza.

Jumamosi tulipita ile njia, yeye mbele, mimi nyuma, na wageni wanne. Tulipofika nilimkabidhi kigae. Akauliza, "Huingii?" Nikamwambia siingii tena mle. Akanitazama, hakunibembeleza. Akaingia nacho, na mimi nikabaki nje juani pamoja na wageni.